Kila Anapoanguka

4 Machi 1986

Kaka Mwanangu,

Usikunje uso. Mtaa mzima bado unakuita hivyo, hata waliozaliwa baada ya wewe kuondoka, na mimi nikikuita kwa jina lako la cheti naona kama ninamwandikia karani.

Nianze na Baba, maana ndiye aliyenishikisha kalamu. Kiharusi kilimpata mwezi wa kumi na mbili akifunga kamba za viatu. Upande wa kulia wote umelala, mkono, mguu na nusu ya mdomo. Sikukuandikia mapema kwa sababu nilidhani atainuka, na kwa sababu barua zangu mbili za mwaka juzi ulizipa kisogo. Nimesema, yameisha.

Kauli imemtoka. Yamebaki maneno matatu tu, na wewe utayakisia. Akitaka maji, "Huyo mwanangu huyo!" Akitaka kugeuzwa ubavu, "Huyo mwanangu huyo!" Muuguzi anayekuja Jumanne alidhani ni yeye anayeitwa mwana, akafurahi sana. Ikabidi nimweleze kwamba mzee wetu alikuwa na ukumbi wa sinema, zile za zamani za Wazungu za kuchekesha zisizo na sauti, na kwamba alisimama kando ya shuka la kuonyeshea picha na fimbo yake akizisemea. Kwamba kila alipoingia yule mwembamba mwenye suruali fupi na ngazi begani, Baba alinyoosha fimbo na kupaza hayo maneno matatu, na watu mia mbili wakageuka kukutazama wewe kule nyuma juu ya jukwaa, ukizungusha mpini wa mashine. Muuguzi alicheka mpaka akakaa kitandani kwa mgonjwa.

Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka yote. Mwembamba anapanda ngazi, anaanguka, anainuka, anajipangusa mavumbi na kuvua kofia kwa heshima. Yule polisi mnene anayemwagiwa ndoo ya rangi, Baba alimpa sauti ya karani wa kodi, na karani mwenyewe alikuwa amekaa safu ya pili, anacheka kwa lazima. Watu walivunjika mbavu. Ni wapi pengine mtu angemwona bwana mkubwa anatota rangi, akacheka, na asiulizwe?

Sasa ombi langu. Ukumbi ule siku hizi ni ghala la seremala, lakini jukwaa lipo, na mashine ipo chini ya kitanda changu. Seremala amekubali kutuachia siku moja. Kinachokosekana ni mikanda, na mikanda yote minne uliondoka nayo wewe. Ilete mwenyewe. Baba anaitaka, nina hakika. Daktari anasema moyo wake umechoka, tusipange mambo ya mbali.

Mdogo wako,
Fundi Cherehani


29 Machi 1986

Mdogo wangu,

Pole kwa uuguzi. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi. Saa za watu zina tabia ya kuharibika zote wiki moja.

Jina hilo naomba usiniite tena. Nina miaka arobaini na tatu, na huku wananiita Fundi Saa. Inatosha.

Mikanda ipo, lakini si kama ulivyoiona mara ya mwisho, na sioni kama itamfaa. Chumba chake kina dirisha. Mkalishe hapo atazame wapita njia, nao huanguka mara mojamoja.

Unasema watu walizipenda zile sinema kwa ajili ya polisi. Wewe ulikaa mbele, sakafuni. Mimi nilikaa nyuma, nikawa naliona shuka na naviona visogo vya watu, kwa miaka kumi, na nina jibu jingine. Walizipenda kwa sababu hazina sauti. Mtu anaporomoka kutoka juu ya ngazi na husikii kishindo, husikii mfupa, husikii anavyomwita mama yake. Anafungua mdomo na hakuna kinachotoka. Basi unacheka kwa raha zako. Ingekuwapo sauti wangenyamaza.

Na nikuambie jambo moja la kazi. Mashine ile ni ya kuzungusha, kwa hiyo mwendo wa mwembamba ulikuwa mkononi mwangu. Palipofika pa kuanguka nilikuwa nazungusha mbio ili papite upesi. Kumbe ndivyo alivyozidi kuchekesha, mtu anashuka kwa kasi kama gunia. Baba akaniambia nina mkono wa dhahabu. Miaka kumi nilikuwa najaribu kuwanyamazisha wale watu, na kadiri nilivyojaribu ndivyo walivyocheka.

Nimetuma dawa ya kuchua misuli. Mchue asubuhi na jioni.

Kaka yako,
Fundi Saa


10 Aprili 1986

Kaka,

Jina nimeliacha, kama ulivyotaka. Dawa imefika, nyumba nzima inanuka kama gereji, na Baba anaipenda. Ila mimi sikuomba dawa.

Barua yako nimeisoma mara nne nikitafuta mahali ulipouliza, "Je, anakula? Analala?" Sikupaona. Nimepata hotuba kuhusu sauti. Wewe ukikasirika unakuwa mwalimu, tangu zamani, na mimi sijui umekasirikia nini. Kwamba watu walikuwa wakikugeukia na kucheka? Walikuwa wakicheka kwa mapenzi! Hapakuwa na mtoto mwingine mtaani aliyetajwa na baba yake mbele ya watu kila Jumamosi. Mimi nilikuwa nakuonea wivu mpaka nalia. Mimi hakunitaja hata siku moja.

Kama ni kwa sababu ya huo mguu wako mbovu, kwamba mwembamba naye alitembea akichechemea na watu wakafananisha, basi hilo si la Baba. Wewe mwenyewe ulianguka kwenye ukuta wa jirani ukiiba matunda yake. Kila mtu anajua. Ukiteleza ukutani kwa watu, usimtoze baba yako.

Haya, sasa nikiri langu. Nimemwambia Baba kwamba unakuja na mikanda. Nilisema tu ili ale. Tangu siku hiyo kila asubuhi haniachi mpaka nimvishe viatu, vyote viwili, na kumgeuzia kiti mlangoni. Anakaa hapo mpaka jua la saa kumi. Muuguzi anasema viatu vitamvimbisha miguu. Ukishavivua analia, kwa hiyo simvui.

Sema utakuja au sema hutakuja. Kujikausha si jibu.

Mdogo wako


2 Mei 1986

Mdogo wangu,

Umetaka jibu. Kaa chini kwanza.

Sikuanguka kwenye ukuta wa jirani. Sijawahi kuupanda ule ukuta. Nilianguka ukumbini.

Nilikuwa na miaka tisa, wewe mitano. Siku hizo Baba alifanya yote peke yake kule juu ya jukwaa, mkono kwenye mpini na mdomo unasema. Kazi yangu ilikuwa kumpandishia mkanda unaofuata. Kwenye shuka mwembamba alikuwa akipanda ngazi yake, nami nikipanda yangu, nimekumbatia kopo la mkanda. Sikutazama miguu yangu. Nilikuwa namtazama yeye, kwa sababu hata mimi nilizipenda zile sinema, usidhani sikuzipenda. Nilizipenda kuliko nyinyi wote. Yeye akakosa kidato na mimi nikakosa. Tulianguka pamoja.

Mfupa ulisikika. Nikapiga kelele. Ukumbi wote ukanyamaza na kugeuka nyuma, watu mia mbili kimya, na mimi chini ya ngazi. Baba alichungulia. Aliniona. Aliuona mguu ulivyokaa, maana ulikuwa umekaa vibaya na taa ilikuwa inanimulika. Mkono wake haukuacha kuzungusha. Alisema, "Huyo mwanangu huyo! Kashuka kutoka kwenye shuka kuja kuwasalimu!"

Wakacheka. Nadhani hata wewe ulicheka. Hukuwa na kosa.

Alimaliza mkanda. Mimi ni fundi saa, nimepima. Kutoka pale mwembamba anapoanguka hadi mwisho ni dakika sita na sekunde arobaini. Nililala chini muda huo wote, na kila Baba alipochekesha tena, walicheka tena. Shangazi, aliyekuwa akikata tiketi mlangoni, alikuja akanishika kichwa, mpaka taa za ukumbi zilipowashwa.

Nyumbani aliniuliza mbele ya Mama, "Si ulianguka ukutani?" Nikatazama macho yake, nikasema ndiyo. Mguu ulipopona nusu, nikawa siwezi tena kukimbia na makopo, akanipa kigoda na mpini, yeye akahamia mbele kando ya shuka. Na kila Jumamosi kwa miaka kumi akaninyooshea fimbo na kuyarudia maneno yale yale.

Sasa unaniambia Mungu amemnyang'anya maneno yote akamwachia hayo. Na unataka nije niyasikie.

Kaka yako


13 Mei 1986

Kaka,

Nilikwenda kwa Shangazi. Alikuwa anamenya vitunguu. Nilipomaliza kumsomea barua yako aliweka kisu chini, akajifuta mikono.

Ni kweli yote. Alisema, "Baba yenu asingeweza kuachia mpini. Mkanda ukisimama mbele ya taa unaungua. Ungeungua wote, na mikanda ilikuwa minne tu, na hiyo minne ndiyo iliyowalisha." Nikamwuliza, na mtoto? Akasema, "Mtoto alikuwa anapiga kelele, kwa hiyo tulijua mzima." Kisha akalia. Alisema Baba alirudi nyumbani akatapika uani. Alisema baadaye akawa anayasema yale maneno kila Jumamosi ili jambo lile ligeuke kuwa mchezo, maana watu wakishazoea kulicheka jambo hawalitazami tena, hata mwenyewe halitazami. Sijui kama huo ni utetezi. Aliusema kama utetezi.

Leo asubuhi nilimchua Baba mguu nikiwa na hasira naye na nikamwumiza. Alinitazama akasema yale yale matatu. Nikatoka nje.

Sikuombi tena uje. Usije. Ila naomba mikanda, na sasa siiombi kwa ajili yake peke yake. Mimi nilikuwa na furaha moja utotoni, ni hiyo, nimeishi nayo miaka yote hii kwenye cherehani. Nataka kuitazama mara moja nikiwa najua ilikuwa kitu gani.

Mdogo wako


19 Mei 1986

Mdogo wangu,

Kifurushi kinakuja na basi la Alhamisi, kipokee mwenyewe. Nimetuma mkanda mmoja, ule wa ngazi. Nimeusafisha.

Uuingize upande unaong'aa ukitazama taa. Zungusha polepole, mizunguko miwili kwa sekunde, hesabu moyoni. Usizungushe mbio popote. Na usiachie mpini hata kidogo kabla ya mwisho, utaungua wote.

Mkalishe Baba mbele, mahali anapoona vizuri. Kisha uniandikie uso wake ulikuwaje. Ni hilo tu ninalotaka.

Kaka yako


3 Juni 1986

Kaka,

Baba tumemzika jana. Simu ya maandishi utakuwa umeipata. Hukuja, na sikulaumu.

Umetaka uso wake. Nitakueleza, na ukisikia vibaya usinikatize.

Ilikuwa Jumamosi ya tarehe 24 Mei, saa tisa mchana. Seremala alisogeza mbao ukutani, tukaziba madirisha kwa magunia. Walikuja watu kama sitini, wazee wa wakati ule, wengine wameshikwa mkono na wajukuu. Hata karani wa kodi alikuja, haoni vizuri, akaomba safu ya pili. Baba nilimweka mbele, amevaa viatu. Mimi nikapanda jukwaani kushika mpini. Nilizungusha polepole kama ulivyosema.

Mwembamba akaingia na ngazi begani. Baba akainua mkono wa kushoto, "Huyo mwanangu huyo!" Watu wakapiga makofi, wengine machozi. Mwembamba akaegemeza ngazi, akapanda. Kidato cha tatu, cha nne. Halafu akawa chini, amesimama wima, anavua kofia. Hakuna aliyecheka. Nilidhani mashine imeruka. Akapanda tena, na tena akawa chini, msafi, anavua kofia. Polisi mnene akapita chini ya ndoo, akatokea upande wa pili mkavu. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Kwani huyu anachekesha nini?" Wazee wakamnyamazisha.

Nikaurudisha mkanda nyuma kwa mkono na kuupitisha kwenye vidole. Nikayagusa maungio. Ni kazi safi, Kaka, mimi ninayeshona kwa miaka ishirini sijaona mshono kama huo, ukucha haukwami. Umekata kila anapoanguka. Kila mahali. Umekaa miaka mingapi na mkasi wako wa saa na mtu huyo asiyekufanya lolote?

Baba alinifanyia ishara kwa kidole, duara la kurudi nyuma. Nikaonyesha upya. Akafanya ishara tena. Mara ya tatu hakutazama shuka. Aligeuka kwenye kiti akatazama juu kwenye jukwaa, niliposimama mimi, ulipokuwa unakaa wewe. Yale maneno matatu hakuyasema. Usiniambie hakuelewa. Nimemlisha na kumvisha miezi sita, naujua uso wake hata nusu iliyolala. Alielewa.

Akainuka. Sijui alipata wapi nguvu. Alishika mabega ya watu, safu kwa safu, akija nyuma, mguu anauburuta. Alikuwa anatembea kama wewe. Alifika kwenye ngazi ya jukwaa, akashika kwa mkono mmoja, akainua kiatu kwenye kidato cha kwanza, akaanguka.

Walicheka. Walikuwa wamengoja nusu saa mtu aanguke. Karani wa kodi alicheka mpaka akakohoa. Na mimi nilicheka. Nilisikia kishindo, nilijua ni nani, na kicheko kikanitoka, na mkono wangu ukaendelea kuzungusha. Sekunde tatu, labda nne. Wewe ungepima vizuri zaidi.

Kisha nikaachia mpini nikashuka. Alikuwa anatazama juu, mdomo wazi, na hakuna kilichotoka. Nyonga ilikuwa imevunjika. Alikaa hospitali wiki moja, hakusema neno, hata yale yake. Siku ya pili alikataa kuvishwa viatu. Nilijaribu mwenyewe, akavuta mguu.

Leo nimekwenda ghalani kuchukua mashine. Nilijua nitakuta majivu, maana niliuacha mkanda umesimama mbele ya taa inayowaka mpaka seremala alipoizima. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa sote. Shangazi amesema hivyo, Baba aliamini hivyo, nawe umeniandikia hivyo kwa mkono wako.

Zimeungua picha tatu. Nimezikata kwa mkasi wangu na kuzitia humu kwenye bahasha. Ziweke kwenye mwanga wa dirisha, utamwona mwembamba anavua kofia, na tumboni ana tundu dogo la ukubwa wa kifungo cha shati. Kule kwenye mkanda nimeshaunga. Nimeupitisha kwenye mashine na hata huoni kama kuna kitu kimepungua.

Tatu tu, Kaka.

Mdogo wako